"Jengo Si Langu": Historia ya Ngazi Tatu za Dukani

SEHEMU YA 1: KIJANA WA MNAZI

Mliozoea kunisoma nikiandika presha, kisukari na vidonda, wiki hii mnivumilie. Nitaandika historia. Tena siyo ya wafalme wala vita. Ni historia ya ngazi za dukani, zile mbili tatu za simenti unazopanda kuingia kwenye fremu bila hata kuziangalia.

Nianze na kilichonifanya niandike.

Wodini kwetu hapa Tanga tulikuwa na kijana mkwezi wa minazi. Alianguka, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikakataa. Alikaa kitandani miezi, hatimaye akajifunza kiti mwendo, akajifunza na kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe. Hilo la mwisho nilimfundisha mimi. Siku ya kuruhusiwa nilimwandikia kwenye karatasi vifaa vya kununua na nikamwelekeza duka la vifaa tiba katikati ya mji, kwenye yale majengo ya zamani. Nikamwambia pale bei ni nzuri.

Wiki tatu baadaye karudi. Homa kali, mkojo mchafu, anatetemeka. Kumuuliza, kumbe mpira mmoja kautumia siku nyingi kupita kiasi.

"Hukwenda kununua mingine?"

"Nilikwenda, dada. Lile duka lina ngazi tatu. Nikabaki barabarani. Nikaita, muuzaji akatoka mlangoni, ananiuliza kwa sauti nataka nini. Sasa dada, mchana ule, watu wamejaa, bodaboda wamekaa pale, mimi nipige kelele nataka mpira wa mkojo? Nikasema nimekosea duka. Nikaondoka."

Halafu akaongeza: "Lile duka sirudi."

Sikumjibu. Nilishika sindano yangu nikaendelea na kazi, maana lile duka ni la mdogo wangu. Fremu tuliitafuta wote wawili, kilemba tulichanga wote, na kwenye zile ngazi tatu mimi ndiye niliyekaa siku ya kwanza tukinywa soda kusherehekea.

Jioni nikampitia. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema: "Dada, roho inaniuma. Lakini jengo si langu. Mimi mpangaji tu."

Kesho yake nikaenda kwa mwenye jengo. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikamweleza. Akasema: "Jengo hili alijenga baba yangu, na ngazi zile tumezikuta. Lakini wateja ni wenu, duka si langu."

Basi nikarudi nyumbani na majibu mawili. Jengo si langu. Duka si langu. Na kijana yupo wodini na dripu mkononi.

Nikajiuliza: hivi huu ugomvi ni wetu peke yetu? Zamu za usiku zilizofuata, wodi ikitulia, nikawa nasoma. Nimekuta nchi ambayo ugomvi huu huu ulifika bungeni, ukafika mahakamani, ukaandikwa majibu. Nchi yenyewe ni Marekani. Twende huko kwanza, kisha tutarudi Tanga.

SEHEMU YA 2: WALIOANZA NA UKINGO WA BARABARA

Wengi tunadhani Marekani mambo haya yamekuwepo siku zote. Hapana. Mpaka miaka ya 1950 mtu wa kiti mwendo kule alikuwa anakutana na ngazi kama zetu: posta, mahakamani, benki, dukani.

Kitu kilichosukuma mambo tunakijua sisi manesi: polio. Milipuko ya miaka ya 1940 na 1950 iliacha watoto na vijana wengi wenye akili timamu, hamu ya shule na kazi, na miguu isiyokwenda. Vita navyo vilirudisha askari walioumia uti wa mgongo. Kizazi hicho hakikukubali kufungiwa ndani.

Mwaka 1961 ukatoka mwongozo wa kwanza wa kitaifa wa namna ya kujenga majengo ambayo mtu mwenye ulemavu anaweza kuyaingia. Utafiti wake ulifanyika Chuo Kikuu cha Illinois, chini ya Timothy Nugent. Ulikuwa mwongozo wa kurasa chache sana, na haukumlazimisha mtu. Ukitaka fuata, hutaki acha. Wengi waliacha.

Mwaka uliofuata, 1962, kijana aitwaye Ed Roberts aliingia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Polio ilimpata akiwa na miaka 14, ikamlemaza kuanzia shingoni kushuka, na usiku alilala ndani ya mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua. Mashine ile haikuingia kwenye bweni lolote. Unajua walimweka wapi? Kwenye hospitali ya chuo. Alisoma akiishi hospitalini. Baada yake wakaja wengine wenye hali kama yake, wakawa kikundi, wakaanza kuusumbua mji. Dai lao la mwanzo lilikuwa dogo: pale ukingo wa njia ya waenda kwa miguu unapokutana na barabara, ukateni uwe mteremko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji ukakubali. Na ile miteremko ilipojengwa, kina mama wenye vigari vya watoto na wasukuma mizigo nao wakaifurahia.

Sheria nazo zikaanza kuja, ila taratibu. Mwaka 1968 ikatungwa ya kwanza, inayohusu majengo yanayojengwa au kukodiwa kwa fedha za serikali kuu. Mwaka 1973 ikaja nyingine yenye kifungu maarufu cha 504: taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu isimbague mtu kwa ulemavu. Lakini serikali ilikaa miaka bila kusaini kanuni za kukitekeleza.

Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu wakachoka. Wakaingia ofisi za serikali miji kadhaa. Pale San Francisco watu zaidi ya 100 walikaa ndani ya jengo karibu wiki nne. Nikisoma hapo mimi kama nesi nilisimama kidogo. Hawa ni watu ambao wengine walihitaji kugeuzwa usiku, kuogeshwa, kusaidiwa kutoa mkojo. Walihatarisha vidonda vya mgandamizo na maambukizi ili kanuni isainiwe. Miongoni mwa viongozi alikuwa Judith Heumann, aliyepata polio akiwa mtoto mdogo na ambaye shule ya kwanza ilimkataa kwa madai kwamba kiti chake ni hatari moto ukitokea. Chakula waliletewa na chama cha watu weusi cha Black Panther. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano akasaini.

Ushindi mkubwa. Lakini angalia pengo lililobaki: sheria hizo zilishika serikali na wanaokula fedha zake. Duka la dawa la mtaani, kinyozi, mgahawa, fremu ya mtu binafsi kwenye jengo la zamani havikuguswa. Yaani ulikuwa na haki ya kuingia ofisi ya serikali, lakini kununua panadol ni mpaka umtume mtoto.

Kesho tunaingia dukani.

SEHEMU YA 3: MWAKA 1990, NA HOFU YA WENYE MADUKA

Wapendwa tunaendelea. Jana kuna aliyeniandikia: "Nesi, watu wenye biashara ndogo wana shida zao, usiwabebeshe mzigo." Nakuelewa. Sisi wenyewe tuna biashara ndogo. Na hilo hilo ndilo lililosemwa Marekani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 muswada mpya ulipofika kwenye Kongresi yao, unaotaka hata biashara za watu binafsi zifunguke kwa watu wenye ulemavu, vyama vya wafanyabiashara wadogo vilipinga. Hoja yao: jengo la miaka 80, ngazi za mawe, mpangaji wa kodi ya mwezi, atabomoa kwa fedha gani?

Mjadala ukavutana. Tarehe 12 Machi 1990 watu wapatao 60 wakafika mbele ya Capitol, jengo la bunge lao, wakaacha viti mwendo na magongo chini, wakaanza kupanda ngazi za mbele kwa mikono, magoti na matako. Ngazi zaidi ya 70. Alikuwemo mtoto wa miaka 8, Jennifer Keelan, mwenye mtindio wa ubongo, na alipanda mpaka juu. Picha zile zilitembea nchi nzima. Kila mtu akaona ngazi ni nini kwa asiye na miguu.

Tarehe 26 Julai mwaka huo huo Rais George H. W. Bush akasaini Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, maarufu kama ADA.

Sasa sikiliza namna walivyolimaliza lile la mzigo, kwa sababu hapa ndipo penye akili.

Hawakusema majengo yote yawe sawa. Waligawa mafungu matatu.

La kwanza, jengo jipya, lililoanza kutumika baada ya 26 Januari 1993: lazima lifikike kikamilifu tangu mwanzo. Hapo hakuna huruma, maana kuweka mteremko kwenye ramani hakugharimu kama kubomoa baadaye.

La pili, jengo la zamani unalolifanyia ukarabati: ile sehemu unayoibadilisha ibadilishwe iwe ya kufikika, kadiri inavyowezekana. Ukivunja mlango, usirudishe mlango mwembamba ule ule.

La tatu, na ndilo letu, jengo la zamani ambalo hujaligusa. Hapo sheria ilisema uondoe vizuizi vile ambavyo kuviondoa ni rahisi, bila shida kubwa wala gharama kubwa. Na urahisi huo unapimwa kwa uwezo wa biashara husika. Duka la mtu mmoja halipimwi kwa kipimo cha hoteli ya ghorofa ishirini. Ila kazi haiishi. Ulichoshindwa mwaka huu, biashara ikikua kesho, unadaiwa.

Kwa hiyo ile imani kwamba "jengo la zamani limesamehewa" haikuwa kweli hata siku moja. Uzee wa jengo ulipunguza kiasi cha kazi, haukufuta kazi.

Kanuni zikatoa na mpangilio wa pa kuanzia, kwa mtu mwenye fedha kidogo. Kwanza mlango: mtu atoke barabarani aingie. Pili, akiingia afikie bidhaa na huduma. Tatu, choo, kama wateja wanatumia choo. Nne, mengineyo. Mlango kwanza, maana choo kizuri ndani ya duka usiloweza kuingia kina faida gani?

Na je, kama hata mlango haiwezekani? Sheria ikasema basi tafuta njia nyingine, kama kumhudumia mteja mlangoni au kumpelekea nyumbani, na usimtoze zaidi kwa hilo.

Wadogo walipewa na muda. Sheria ilianza kufanya kazi kwa biashara Januari 1992, lakini mwenye wafanyakazi wasiozidi 10 na mapato yasiyozidi dola 500,000 kwa mwaka hakuweza kushtakiwa kwa makosa ya majengo ya zamani mpaka Januari 1993. Na mwaka huo wa 1990 Kongresi ikaongeza nafuu ya kodi ya mapato: biashara ndogo ikitumia fedha kuondoa vizuizi, inarudishiwa nusu ya gharama iliyo kati ya dola 250 na 10,250. Yaani mpaka dola 5,000 kwa mwaka.

Umeona? Hawakumwambia mwenye duka "jitegemee". Walimpa wajibu, muda, kipimo cha uwezo wake na nafuu. Ukiondoa kimoja hapo, sheria inabaki karatasi.

SEHEMU YA 4: NANI ALIPE, MWENYE JENGO AU MPANGAJI?

Hapa ndipo nilipokuwa nawaleta. Jengo si langu, duka si langu.

Waliotunga ADA waliliona hili mapema. Waliandika kwamba wajibu ni wa yeyote anayemiliki, anayepanga, anayepangisha au anayeendesha sehemu inayohudumia umma. Soma tena taratibu. Anayepanga. Anayepangisha. Wote wawili wamo kwenye sentensi moja.

Kanuni za mwaka 1991 zikafafanua: mwenye jengo na mpangaji wanaweza kugawana kazi kwenye mkataba wao wa pango. Mkataba unaweza kusema mwenye jengo anashughulikia mlango wa nje, maegesho na korido, mpangaji anashughulikia ndani ya fremu yake. Sawa kabisa. Lakini mgawanyo huo unawahusu wao wawili.

Wenye majengo waliujaribu mkataba kama ngao. Kesi moja ya California ilifika Mahakama ya Rufaa, ikaamuliwa mwaka 2000. Mtu anayetumia kiti mwendo alikwenda ofisi ya dalali wa nyumba, akakuta hakuna maegesho ya watu wenye ulemavu. Akashtaki wote wawili. Mwenye jengo akasema: mimi nimo kwa lipi? Mkataba unasema matengenezo yote ni ya mpangaji. Mahakama ikamjibu kwa maana hii: mkataba wenu ni wenu, mteja hakuusaini, kwa hiyo haumfungi. Mwenye jengo bado anawajibika kwake. Mkimalizana, daianeni huko ndani.

Nilipolielewa hilo niliweka simu chini. Kijana wangu wa mnazi hakusaini mkataba wa mdogo wangu na yule mzee. Hajui kodi ni shilingi ngapi, hajui nani anapaka rangi. Yeye alikuja kununua mpira wa mkojo. Sisi tulimjibu kwa mkataba asioujua.

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nawapamba. Sheria hiyo ina wanaoitumia vibaya. ADA yenyewe haimpi mshtaki binafsi fidia kwa kesi za maduka. Inampa amri ya kurekebisha na gharama za wakili. Lakini California ina sheria yake ya jimbo inayotoa angalau dola 4,000 kwa kosa. Wakatokea mawakili wa kufungua kesi mfululizo, mtaa mzima, dhidi ya wenye migahawa midogo, wengi wao wahamiaji wapangaji, ambao wanaamua kulipa ili yaishe. Mwaka 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kumpa mwenye biashara taarifa na muda kabla ya kushtakiwa. Watu wenye ulemavu waliupinga, wakasema miaka 28 ilikuwa taarifa ya kutosha. Seneti haikuupitisha.

Mimi naona wote wana la kusema. Ila sheria inayosubiri mgonjwa ashtaki ndipo ifanye kazi, inawaumiza mgonjwa na mwenye duka pamoja. Bora kumalizana kabla.

SEHEMU YA 5: NA SISI JE?

Mtu ataniambia, nesi, hayo ya Marekani. Sawa. Tuje nyumbani.

Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 inazungumzia kufikika kwa majengo, barabara na huduma, na inazitaka nchi zihakikishe hata watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma wanalizingatia hilo. Maana yake hata fremu ya vifaa tiba ya mdogo wangu imo.

Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kenya ilitangulia mwaka 2008. Na hapa pana jambo la kushangaza: Marekani, walioanza haya yote, walitia saini 2009 lakini Seneti yao ilipopiga kura Desemba 2012, theluthi mbili haikutimia. Mpaka naandika hapa hawajauridhia. Kwa hiyo usiseme haya ni ya wazungu. Kwa mkataba huu sisi tumefungwa, wao hawajafungwa.

Kenya walikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2003. Iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe na ikawapa miaka 5, na ikaliruhusu Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kutoa amri ya marekebisho. Amri hiyo apewe nani? Sheria ikasema mwenye jengo au mtoa huduma. Umeiona tena ile sentensi ya watu wawili? Mwaka 2025 wametunga sheria mpya.

Zanzibar walitunga yao 2006. Bara tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mtu mwenye ulemavu kufikia majengo na huduma za umma kama mwingine yeyote. Haki ipo kwenye maandishi.

Kinachokosekana mtaani kwetu ni vile vitu vingine vitatu nilivyowatajia juzi: muda unaojulikana, kipimo cha uwezo wa mdogo, na nafuu. Mpangaji wa fremu anaogopa. Akijenga rampu kwa fedha yake, mwaka ujao mwenye jengo anapandisha kodi kwa sababu fremu imependeza, au anamtoa. Mwenye jengo naye anaogopa mpangaji atamharibia kuta. Kila mtu anamwogopa mwenzake, na anayebaki juani ni yule wa kiti mwendo.

SEHEMU YA 6: UCHOCHORO (MWISHO)

Wengi mmeuliza tuliishia wapi. Nimalizie.

Nilikwenda dukani na futi. Ngazi tatu zile, kutoka barabarani mpaka sakafuni, ni sentimita 48. Kipimo kinachotumika sana cha mteremko salama ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, urefu wa sentimita 12. Piga hesabu. Sentimita 48 zinataka karibu mita 6. Mbele ya duka tuna mita 2 tu kabla ya lami. Fundi mmoja alisema atatupigia mteremko kwa mita hizo hizo 2. Nikamkatalia. Ule si mteremko, ni mtego. Kiti kitarudi nyuma na mtu juu yake, na mimi ndiye nitakayempokea wodini.

Karibu nikate tamaa. Kisha mdogo wangu akasema: "Dada, ule mlango wa uchochoroni tunaoshushia mzigo?"

Tukaenda. Uchochoro uko juu kuliko barabara. Pale kizingiti ni sentimita 11. Mara 12, ni mita 1 na sentimita 32. Mlango una upana wa sentimita 76. Wamarekani wanataka kama 81, lakini kiti cha kijana wetu kina 64, kinapita. Miaka yote mlango upo, tumeuzibia kwa maboksi ya glavu.

Nikarudi kwa mzee. Safari hii sikwenda kulalamika, nilikwenda na karatasi. Nikamwambia: "Baba, sikuombi ubomoe ngazi za marehemu baba yako. Naomba saini yako hapa." Tuliandika mambo manne tu. Kwamba mwenye jengo anaridhia mpangaji kujenga mteremko mlango wa uchochoroni. Kwamba mpangaji analipa fundi, mwenye jengo anatoa simenti. Kwamba mteremko hautakuwa sababu ya kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji. Na kwamba mpangaji akihama, mteremko unabaki ni mali ya jengo.

Alisoma mara mbili. Akauliza: "Huyo kijana ni wa nani?" Nikamwambia ni mkwezi. Akanyamaza kidogo, akasema na yeye goti moja siku hizi linamsumbua, zile ngazi anazipanda kwa kushika ukuta. Akasaini. Mifuko miwili ya simenti ilikuja kesho yake.

Tumeweka kibao mbele chenye mshale na namba ya simu: ukishindwa ngazi, zunguka kulia au piga, tutakuja. Na tumeweka utaratibu: mtu akiita toka barabarani, muuzaji anashuka mpaka alipo. Haulizi kwa sauti.

Haijakamilika. Uchochoro mvua ikinyesha una tope. Choo bado hakiingiliki. Jirani wa fremu ya pili amenuna, anasema tumeziba pa kuegesha pikipiki yake, na sijui tutamalizana vipi.

Kijana alipona, akaruhusiwa tena. Siku ile nilimwambia ukweli, kwamba lile duka ni letu. Aliniangalia muda mrefu. Akasema: "Kwa hiyo dada ulijua?" Nikamwambia hapana, sikujua, na hilo ndilo linaloniuma. Nimepanda ngazi zile mara mamia na mikono yangu hii inayosukuma viti mwendo kila siku, na sikuwahi kuzihesabu.

Amekuja dukani mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza alimtuma mwenzake aangalie kwanza kama mteremko upo kweli.

Sasa wewe unayesoma. Kama una fremu, saluni, duka la dawa, kibanda cha kutuma pesa, kesho asubuhi kabla hujafungua, simama nje uhesabu ngazi. Pima kwa futi au hata kwa rula ya mtoto. Zunguka nyuma uone kama kuna mlango mwingine. Kisha kabla ya kusema jengo si langu, chukua karatasi uende kwa mwenye jengo. Na wewe mwenye jengo, mpangaji akija na karatasi hiyo, msomee.

Niandikie duka lako lina ngazi ngapi. Nikitoka zamu nitasoma zote.